Kioo Chepesi Katika Boksi la Keki

Niliondoka Bukoba kwa sababu ya oveni. Wako wanaosafiri kwenda kuhiji, kuzika au kutafuta riziki, nami nawaheshimu wote, lakini sababu yangu ndiyo hiyo, na mke wangu Adela yuko tayari kuithibitisha mbele ya yeyote.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikitengeneza vioo vya darubini. Kioo cha kawaida cha darubini ni bonge zito linalosuguliwa hadi libonyee kidogo katikati kama sahani. Changu hakina hata chembe ya kioo. Ni gundi ya epoksi iliyochanganywa na nyuzi za kaboni nyembamba ajabu, zile ambazo wataalamu huziita nyuzi za nano. Ukizilaza maelfu ubavu kwa ubavu ndipo unakaribia unene wa unywele mmoja. Uji huo mweusi humiminwa juu ya kalibu iliyong'arishwa, huokwa kwa moto mdogo siku nzima, hubanduliwa, kisha uso wake hupakwa utando wa alumini. Ukibahatika unapata kioo cha upana wa sinia la pilau chenye uzito wa kuku mmoja wa kienyeji. Kile cha kioo halisi, cha upana uleule, hubebwa na wanaume wawili wasiogombana.

Neno la hatari hapo ni "huokwa". Oveni niliyoitumia ni ya Adela, na Adela huoka keki za harusi. Alinivumilia kwa muda mrefu kuliko nilivyostahili. Keki zikaanza kunuka rangi ya mitumbwi. Mwishowe mama wa bibi harusi mmoja alirudisha keki nzima ya ghorofa tatu, akasema wageni walidhani ukumbi umepakwa rangi asubuhi ile. Jioni Adela aliniketisha.

"Baba Koku," alisema, "hiki kitu chako kimewahi kumwonyesha mtu nyota, mtu ambaye si wewe?"

"Bado. Sina mwili wa darubini wa kukiweka."

"Basi kitafutie darubini ya kweli. Urudi na picha ya ile sayari yenye pete, na pete ionekane. Ukirudi nayo, tutagawana oveni. Ukirudi bila pete, oveni ni yangu, na hayo madebe ya gundi yatoke nyumbani kwangu."

Nilikubali papo hapo, kwa sababu sauti yake haikuwa ya kubishana. Nikaenda kukaa nje peke yangu. Chuoni kwetu hakuna hata jiko la kuchemshia chai. Bila oveni ile, kazi yangu yote ingeishia kwenye madebe.

Darubini ya kweli ilikuwa Goma. Mwenyewe ni Papa Kambale, mwalimu mwenzangu, ambaye tulifahamiana katika kundi la WhatsApp la wapenda nyota. Alikuwa ameunda mwili wa darubini kwa mbao, mrefu kuliko yeye, akanunua na kioo chake cha kioo. Siku ya kwanza walikibeba kwenda upande wa Lac Vert, nje ya mji kwenye giza zuri, na kabla hawajafika barabara ilishakipasua vipande viwili. Tangu hapo mwili ule ulisimama sebuleni kwake ukianikiwa nguo za watoto. Nilipomweleza habari ya kioo changu, alinitumia ujumbe wa sauti: "Prof, kama kioo yako haivunjikaka, ulete. Huku barabara inavunjaka kila kitu."

Asubuhi ya kuondoka, Adela mwenyewe ndiye aliyetatua suala la kufungasha. Alitoa boksi lake kubwa la keki ya harusi, jeupe, lenye maandishi ya dhahabu ya kuwapongeza maharusi. Kioo kiliingia mlemle kana kwamba kilipimwa. Nikakizungushia mifuko ya nailoni, nikapanda basi nalo, nikaliweka mapajani.

Kabla hatujafika Muleba, mama aliyeketi karibu nami aliuliza harusi ni ya wapi. Nikamweleza kwamba hii si keki, ni kioo cha darubini kilichotengenezwa kwa nyuzi za nano. Alinitazama kwa huruma, kisha akageukia dirisha. Tulipofika Biharamulo basi zima lilikuwa na habari za mwanamume mmoja kiti cha nne anayesafiri na keki nzima na hataki kumkatia mtu hata kipande. Nyakanazi niliponunua mahindi ya kuchoma, kuna aliyesema kwa sauti, "Ana keki, ananunua mahindi!" Nilikula mahindi yangu nikitazama mbele.

Mpakani Rusumo nilikumbuka, nikiwa nimechelewa, kwamba Rwanda hawaruhusu mifuko ya nailoni. Askari mmoja mpole sana aliifungua mifuko yangu yote, mmoja baada ya mwingine, akaikunja vizuri na kuiondoa. Kioo kikabaki uchi juu ya meza, kikionyesha paa la ofisi. Nilitoa begini kitenge nilichokuwa nampelekea mke wa Papa Kambale kama zawadi, nikakifunika. Zawadi ikawa blanketi, na hadi nafika Goma nilikuwa nafikiria namna ya kumpa mwenyeji kitu ambacho kimeshatumika.

Kigali nililala nyumba ya wageni, boksi likiwa kitandani upande wa ukuta na mimi upande wa kuanguka.

Siku iliyofuata, baada ya Musanze, volkano zilianza kujipanga upande wa kulia, na barabara ikazunguka milima mpaka tukaliona ziwa Kivu. Nilifurahi sana kuliona. Nilikuwa nimekaa na boksi mapajani muda mrefu kiasi kwamba miguu yangu ilikuwa imeacha kuniletea taarifa zozote.

Mpakani kuingia Goma, mama wa forodha alikuwa amevaa sare iliyopigwa pasi ikakoma, na midomo yake imepakwa rangi kwa ustadi. Aligonga boksi kwa kalamu.

"Papa, ndani iko nini?"

"Kioo cha darubini, mama. Cha kutazamia nyota."

Akaliinua kwa mkono mmoja. Akaliweka. Akaliinua tena. "Papa, uko nanichekesha. Kioo haiwezi kuwa mwepesi hivi. Fungula."

Nikafungua, nikaondoa kitenge, nikamsihi asiguse uso wake maana utando ule haupendi vidole. Akainama atazame. Sasa, kioo cha darubini kina tabia moja: ukikisogelea kinakuza, ukienda mbali kinakupindua juu chini. Yeye alikisogelea.

"Yesu wangu! Hii uso yote ni yangu?"

Akajishika shavu, akajigeuza upande wa kushoto, akaangalia pua yake kwa masikitiko. Mwenzake aliyekuwa mlangoni akachungulia kutoka kulekule aliko.

"Mama, miye niko kichwa chini!"

"Juu ya nini uko kichwa chini?"

"Sijue. Uliza papa."

Nilijaribu kuwaeleza habari ya mahali miale inapokutana, lakini kwa wakati huo maofisa wengine walikuwa wameshakuja, wakawa wanatembea kutoka mlangoni hadi mezani, hatua kwa hatua, ili kila mmoja aone ni wapi hasa anapopinduka. Foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu na haikulalamika. Nayo ilitaka zamu. Mwishowe mama alifunga boksi kwa mikono yake mwenyewe.

"Pita, papa. Lakini hii kioo usionyeshe mama ya watoto. Atakufukuza."

Sikumwambia kwamba kufukuzwa kulikuwa kumeshaanza.

Ng'ambo ya kizuizi, Papa Kambale alinikumbatia kama ndugu. Ni mtu mrefu, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Kando yake alisimama Papa Habimana, mwendesha chukudu, ile baiskeli kubwa ya mbao isiyo na pedali inayobeba nusu ya mizigo ya Goma. Alikuwa na kamba mbili nene begani, na alikuwa akitazama nyuma yangu.

"Muzigo iko wapi?"

"Ndio huu," nikasema, nikiinua boksi.

Papa Habimana alisoma maandishi ya dhahabu. Akamgeukia rafiki yake. "Kambale, uliniita na chukudu juu ya keki?"

"Haiko keki. Ni kioo."

"Miye nabebaka magunia ya maharagi ya Kiwanja. Batu bananijua. Banione na kakeki?" Akanitazama kuanzia juu hadi chini, akatulia kidogo tumboni. "Basi panda weye, papa. Weye uko na kilo."

Ndivyo nilivyoingia mjini Goma, nimekaa juu ya chukudu kama gunia, boksi la maharusi mikononi, watu wa pikipiki wakinipigia honi za pongezi. Nilikuwa na hofu kiasi cha kusahau kutazama, lakini vitu viwili niliviona. Cha kwanza, mawe meusi ya volkano: kuta ni mawe, ua ni mawe, barabara ni mawe, mpaka ngazi za duka la simu ni mawe. Cha pili, mabati ya nyumba yaliyowekewa mawe juu ili upepo wa ziwa usiyaondoe. Sikulitilia maanani hilo la pili. Nilipaswa kulitilia.

Nyumbani, Mama Kavira, mke wa Papa Kambale, alitukaribisha kwa bugali, ndio ugali wao, sombe, yaani kisamvu, na samaki wale wadogo wa Kivu wanaoitwa sambaza, wamekaangwa mpaka wanalia chini ya meno. Niliacha boksi juu ya meza uani, nikaingia kunawa. Upepo ulivuma kidogo. Nilipotoka, juu ya boksi palikuwa na jiwe jeusi la ukubwa wa kichwa cha mbuzi, na kifuniko kilikuwa kimebonyea ndani.

Nilipiga kelele ambayo siioni fahari kuieleza.

"Mama! Hilo si bati! Hicho ni kioo! Toa hilo jiwe, lipeleke mbali!"

Mama Kavira alikuja mbio akijifuta mikono. "Upepo ya ziwa inabebaka hata mabati, Prof. Kitu yako iko mwepesi sana, niliona itaruka. Kitu mwepesi tunaweka jiwe juu."

Hakuwa na kosa. Goma kitu chepesi huwekewa jiwe, na yeye alikuwa amemtunzia mgeni mali yake kwa namna bora anayoijua. Lakini mimi wakati ule sikuwa na adabu ya kuliona hilo. Nilifungua boksi. Kifuniko kilikuwa kimeketi juu ya kitenge, na kitenge juu ya kioo. Nikakinyanyua. Pembeni kabisa palikuwa na alama ndogo kama ya ukucha. Pengine popote, hakuna. Nikamulika kwa tochi, nikatazama nuru inavyorudi ukutani: duara safi. Kioo cha kioo kingekuwa na ufa hadi katikati. Nilitaka kushangilia, ila nilikuwa nimeshamfokea mama wa watu mbele ya mume wake na majirani wawili, na yeye alishalibeba jiwe lake akaenda nalo kimya.

Nilimpa kitenge palepale. Alikipokea, akakinusa, akakikunja.

Jioni ile, Ijumaa, ua ulijaa. Papa Kambale alikuwa ametangaza mtaa mzima kwamba wataona pete. Tulitoa mwili wa darubini nje, tukaondoa soksi moja iliyosahauliwa ndani yake, tukafunga kioo changu kwenye kitako chake. Papa Kambale aliinua mdomo wa darubini kuelekea mashariki, akaachia.

Ile darubini ilisimama kidogo, kisha ikainama taratibu mbele ya watu wote mpaka mdomo ukagusa chini.

"Iko naomba samahani," alisema Papa Habimana, na ua mzima ukaangua kicheko.

Tuliiinua tena. Ikainama tena. Nikaelewa, na nilipoelewa nilitamani nisielewe. Mwili ule ulisawazishwa kwa kioo kizito kilichopasuka. Kitako sasa kilikuwa na uzito wa kuku, kwa hiyo mdomo ndio uliokuwa mzito. Ili darubini isimame, chini kulihitajika kitu kizito. Nikageuka, nikamtafuta Mama Kavira kwa macho. Alikuwa mlangoni pa jiko, mikono kiunoni.

"Mama," nikasema kwa sauti ya chini, "lile jiwe liko wapi?"

"Jiwe gani, Prof?"

"Lile la… la upepo."

"Ah. Ile ulisema nipeleke mbali?" Akafikiri. "Nilipeleka mbali."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi pia nilicheka, ingawa masikio yalikuwa yakiniwaka. Nikamwomba msamaha hadharani, kwa Kiswahili changu chote cha heshima. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana hotuba ilimpendeza, kisha akaonyesha ua kwa mkono. "Goma yote ni mawe, Prof. Chagua."

Tukajaza mawe kwenye gunia la mchele, tukalining'iniza kitakoni, tukiongeza moja, tukipunguza moja, mpaka darubini ikatulia pale unapoiachia. Papa Kambale akapangusa mikono.

"Prof, ulifanya kazi miaka yote ya kuondoa kilo, na siye tumezirudisha kabla bugali haijaiva."

Alisema kwa utani tu, lakini maneno yale yaliniuma kweli. Nilisimama nikitazama gunia la mawe likining'inia chini ya kazi yangu ya miaka, na nikawaza kwamba labda Adela ana haki. Halafu mawingu yakaja. Yalifunika kila kitu, na volkano ikayapaka wekundu kwa chini. Watu wakaanza kuondoka.

"Kesho!" akaita Papa Kambale.

"Hata ile mara ingine ulisema kesho," mtu akajibu kutoka gizani.

Jumamosi mvua ilinyesha mchana kutwa. Ilikuwa siku yangu ya mwisho, kwa kuwa katikati ya wiki nilitakiwa darasani. Nilikaa jikoni na Mama Kavira nikichambua sombe, nikatoka kila mara kutazama juu, mpaka akaniambia niache, mlango unaingiza moshi. Akaniuliza mke wangu hufanya kazi gani. Nikamweleza yote: keki, harufu, pete, oveni.

"Na anakungojea urudi na picha?"

"Ananingojea nirudi na picha."

"Weye uko na bahati," alisema. "Miye ningekungojea na mufagio."

Saa kumi na moja mvua ilikatika. Jua lilipozama mbingu zilikuwa zimeoshwa. Watu walirudi, wachache kuliko jana, na wengi wao nadhani walikuja kuona darubini ikianguka. Kulikuwa na tatizo moja, taa za mtaa mzima. Papa Kambale alikuwa anahangaika kuning'iniza shuka kuzuia taa ya jirani, mara kuran, ndivyo wanavyouita umeme huko, ikakatika. Sijawahi kusikia umeme ukishangiliwa kwa kuondoka. Ua mzima ulipiga makofi.

Nikaipeleka darubini kwenye Zohali, ile sayari yenye pete, nikaweka jicho.

Palikuwa na duara dogo la rangi ya siagi, limetulia, kingo zake kali. Na katikati yake, kutoka upande hadi upande, ulipita mstari mmoja mwembamba mno, umenyooka kama uzi wa cherehani. Nilianza kufurahi, kisha nikaelewa. Ule mstari ndio pete. Kila baada ya miaka kumi na mitano hivi pete za Zohali hutugeuzia ukingo, tukaziona kwa ubavu tu, na mwaka huu ulikuwa mmoja wa miaka hiyo. Nilijua. Nilikuwa nimewahi hata kuwafundisha wanafunzi. Lakini mtu aliyeinamia gundi kwa miaka husahau kutazama juu, na Adela aliposema pete nilisema ndiyo kwa sababu niliogopa kusema hapana.

Lakini kioo kibovu kisingeonyesha mstari ule. Kioo cha wastani kisingeuonyesha. Uzi mwembamba vile haupiti kwenye uso wenye hitilafu hata ndogo, ungefutika. Kioo changu, kilichookwa pamoja na keki, kilichokaliwa na jiwe, kilikuwa kinauonyesha. Nikamvuta Papa Kambale kwa mkono. Alitazama kwa muda mrefu. Alipoinuka alivua miwani yake yenye uzi akaifuta, ingawa haikuwa na kitu.

"Prof," alisema. "Ile kioo yangu ya zamani ingeona hii?"

"Sijui. Labda."

"Haingeona," alisema, na akanipa mkono. Nililia kidogo, nawaambieni ukweli, na giza lilinisaidia.

Wengine walikuwa na maoni tofauti. Mama Kavira aliweka jicho akatangaza, "Miye naona chungwa, na sindano imepita ndani." Papa Habimana alitazama, akainuka, akatazama tena.

"Pete iko wapi? Kambale alisema pete."

Tulimweleza sote wawili, kwa kupokezana, jinsi pete ilivyotugeuzia ubavu. Alisikiliza kwa uvumilivu wa mtu aliyezoea kusikia visingizio vya wenye mizigo.

"Kama iko pale, iko," alisema. "Lakini miye batu bakiniuliza, nitasema niliona sindano. Siwezi kusema kitu sikuona." Kisha akarudi mwisho wa foleni, kuitazama sindano yake mara ya tatu.

Nikatoa simu. Nilipiga picha nyingi sana, simu nimeibana kwenye lenzi, pumzi nimeifunga. Moja tu ndiyo ilitoka bila kutikisika, na hiyo ilionyesha punje ya mchele yenye rangi ya siagi. Mstari haukuwepo. Nilikuwa najaribu tena, nimekaribia kabisa, mara mtaa wote ukapiga ukelele wa furaha na taa zikawaka kila dirisha. Kuran imerudi. Ua wetu peke yake ndio uliosikitika.

Jumapili, baada ya misa, nilifungasha. Kioo nilikiacha, mahali pake palikuwa pale, na Papa Kambale alishapanga kukipeleka Lac Vert akikibeba kwapani, mwenyewe, bila wanaume wawili. Boksi la keki Mama Kavira alilijaza jibini za Masisi, zile duara nzito, na akazifunika kwa kitambaa chake, si kile kitenge. Juu ya boksi hakuweka kitu. "Sasa iko na kilo yake," alisema.

Mpakani, yule mama wa forodha aliinua boksi, akaguna. "Leo njo iko nzito kama kioo!" Alipoona jibini alivunjika moyo.

Njia nzima kupitia Musanze, Kigali hadi Rusumo, niliwaza yale maneno ya Papa Kambale kuhusu kilo, na jibu likanijia nikiwa nimechelewa, kama kawaida yangu. Mawe yale hayakutoka Bukoba. Hayakupanda basi, hayakuvunjwa na barabara, hayakuhitaji chukudu. Uzito uko kila mahali, huna haja ya kusafiri nao. Kinachotakiwa kusafiri ni ule uso mwembamba unaokusanya nuru. Nilifurahi sana kulipata wazo hilo. Nilipofika Muleba niligundua kwamba halina msaada wowote kuhusu oveni, na nikaanza kutunga hotuba nyingine.

Bukoba niliingia jioni. Adela alikuwa jikoni anakanda unga. Alinipokea boksi, akaona jibini, akasema, "Vizuri." Kisha akanyoosha kidevu kuelekea mfukoni mwangu. Nikampa simu.

Aliitazama picha. Akaikuza kwa kifundo cha kidole kisicho na unga. Akaikuza tena.

"Pete iko wapi?"

Hotuba yote ikanipotea. "Ipo," nikasema. "Mwaka huu imetugeuzia ubavu. Niliiona kwa macho yangu, nyembamba kama uzi. Simu haikuiona."

Nilijisikiliza nikisema. Ndivyo asemavyo kila mwanamume anayerudi nyumbani bila kile alichotumwa.

Adela alikwenda kunawa mikono. Akaanza kuivuta pete yake ya ndoa. Ikakataa, maana vidole vyake vimenenepa tangu siku ile, na vyangu pia. Akapaka mafuta ya kupikia, akaizungusha, ikatoka. Akaiinua mbele ya taa, akafumba jicho moja, akanitazama kupitia tundu lake. Kisha akaigeuza kidogo kidogo, taratibu, mpaka tundu likaisha. Akaishika hivyohivyo kwa muda mrefu.

"Nyembamba namna hii?"

"Zaidi ya hapo."

"Na uliiona."

"Niliiona, Adela."

Akaifuta mafuta kwa upindo wa kanga, akaivaa, akarudi kwenye unga wake.

"Jumatatu hadi Jumatano," alisema akiwa amenipa mgongo. "Alhamisi oveni niikute imesafishwa na hainuki. Na kioo kingine utakachooka usikipeleke kwa watu. Na mimi nina macho."